Bahari Kwenye Dirisha la Kinyozi

Jumatatu, 3 Juni

Leo nimepata wazo. Si wazo dogo. Wazo lenye maji!

Limenipata kwa daktari wa meno, nilipomsindikiza mama. Chumba cha kusubiri kimejaa. Watu mashavu yamevimba kama wanapuliza baragumu, na hakuna hata mmoja anayelalamika. Wote wameduwaa mbele ya tangi la kioo. Ndani samaki wa rangi, na matumbawe yanapunga kama vidole. Mzee mmoja aliitwa aingie akakataa, ati mwingine atangulie, yeye bado anamtazama yule wa buluu. Jino linamuua na hataki kutibiwa, kisa samaki!

Nikajisemea: kijana, kiti kimepatikana.

Kiti chenyewe ni hiki. Kinyozini kwa Mjomba kuna kiti cha dirishani. Anayenyoa pale, mtaa mzima unamwona. Aliyekuwa nacho amehama mji, na tunaokitaka ni wawili. Mimi, mpwa wake wa damu, ninayefagia nywele na kupasha taulo moto. Na Kitana, mdogo wake mke wa Mjomba, aitwaye hivyo kwa sababu kitana hakimtoki kichwani hata akila. Mjomba amebanwa: akinipa mimi, mkewe ananuna. Akimpa Kitana, dada yake, yaani mama yangu, ananuna kwa sauti.

Kwa hiyo ametoa shindano. Ataamua Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Atakayeleta kitu cha kuwavuta watu ndani na kuwakalisha, kiti ni chake. Kitana ameleta spika. Inapiga hadi nyembe zinacheza mezani.

Mimi nimemwambia Mjomba naleta bahari. Akanigusa paji la uso kuangalia kama nina homa. Kisha akakubali, kwa sharti: siku hiyo ikifika na ndani ya tangi kuna maiti hata moja, tangi linatoka na mimi nabaki na ufagio mpaka ndevu zangu ziwe nyeupe.

Ndevu zenyewe hazijaota. Anajua kutisha, Mjomba.


Jumanne, 4 Juni

Nimekwenda kwa Mama Samaki. Ndiye anayeuza samaki wa mapambo, duka lake limejaa matangi hadi dari. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba bila kuinua uso. Nikamwagiza: tangi, maji ya chumvi, samaki wa kutosha, matumbawe ya rangi mchanganyiko, nifungiwe kwenye baiskeli.

Akainua uso. Akauliza kama nimewahi kuishi na samaki. Nikamwambia sijaishi nao ila nimekula wengi.

Basi darasa likaanza. Mimi shule niliiacha kabla haijanimaliza, na leo nimerudishwa kwa nguvu. Ati samaki huyu anajisaidia humo humo anamolala. Ati uchafu wake unageuka sumu. Ati kuna vidudu visivyoonekana vinavyokaa kwenye mawe ya bahari, ndivyo vinavyokula sumu hiyo, na lazima vizaane kwanza. Wiki kadhaa! Tangi lina maji, lina mawe, lina taa, halina samaki. Kama nyumba mpya anayoishi mlinzi peke yake.

Nikauliza kama chumvi ya jikoni inafaa. Alicheka mpaka akakalia gunia la mchanga.

Halafu kubwa kuliko: matumbawe ni wanyama! Mimi nilidhani ni maua, au mawe yenye majivuno. Kumbe vinyama vidogo vingi vimeshikana, vina midomo, vinakula. Nikamwambia: mama, hapo umenidanganya. Akasema mnyama asiyetembea wala kusema ni bora mara mia kuliko wateja wake wengine.

Hela sina. Tumebadilishana. Baiskeli yangu imebaki kwake, mimi nimeondoka na tangi dogo la mkono wa pili, pampu, taa, mchanga, mawe, mfuko wa chumvi ya bahari na kipima chumvi chenye mshale. Nimesukuma mkokoteni wa kuazima huku natabasamu kama bwana harusi.


Jumatano, 5 Juni

Nimechanganya bahari kwa mikono yangu. Ndoo ya mama, mwiko wa mama. (Mama hajui. Mwiko nimeuosha.) Mshale wa kipimo ukasimama pale pale alipoonyesha Mama Samaki. Fundi ni fundi.

Nikamimina dirishani. Mchanga sikuuosha kwanza. Hilo alilisema wakati natazama samaki wake.

Tangi limekuwa jeupe. Jeupe kabisa! Mjomba akaniuliza ni bahari gani hii, au nimefua. Kitana akaja na kikombe akaomba achotewe kidogo cha kutia kwenye chai. Wateja wakaangua kicheko. Nikawajibu kwamba bahari zote zinaanza hivi, ila hawakuwapo.


Ijumaa, 7 Juni

Maji yametakata! Kioo, maji, mawe, taa ya buluu. Nimeangalia hadi nimesahau kufagia.

Na sasa sikia maajabu. Watu wanaingia! Tangi halina hata dagaa, na wanaingia. Wanainama, wanachungulia, wanauliza samaki wako wapi. Nikawajibu kwamba wana haya. Wako nyuma ya jiwe. Ukitulia watatoka.

Wakatulia! Mabenchi yamejaa. Mwashi mmoja alikuja kunyoa kidevu tu, akakaa mpaka akaona bora anyoe na kichwa. Mwenzake ameapa ameona mkia. Wa rangi gani? Kama wa kijani hivi. Wakabishana mkia una mistari au hauna. Mimi nimesimama kando na ufagio wangu, nimenyamaza kama kiongozi wa dini.

Nimegundua jambo ambalo hata Mama Samaki halijui: samaki wazuri kuliko wote ni wale ambao hawapo. Hawali, hawafi.

Kitana amezima spika yake makusudi, akatangaza mbele ya kadamnasi kwamba humo ndani hamna kitu ila mawe. Yule aliyeona mkia amemjia juu. Amemwambia ana macho mabovu na asimguse kichwa chake.

Nusura nimbusu.


Jumatano, 12 Juni

Aibu. Lakini aibu tamu.

Mawe tu yamewachosha watu. Nahitaji samaki, na Mama Samaki hauzi mpaka apime maji yako. Anatia kwenye kichupa, anadondosha dawa. Yakigeuka manjano, salama. Yakigeuka kijani, kuna sumu, nenda kasubiri. Ya kwangu nilijua hayajaiva. Kwa hiyo nikatumia akili.

Nikaenda na chupa tupu. Alipogeuka kumfungia mtu chakula cha samaki, nikazamisha mkono kwenye tangi lake mwenyewe, lile kubwa la kati. Chupa ikajaa. Maji ya mtaalamu! Hayo yataanguka mtihani kweli?

Nikampa. Akadondosha dawa. Akatikisa.

Kijani! Kijani cha majani ya mgomba!

Hapo ndipo niliposemwa. Ati haya ni maji ya mtu asiye na huruma. Ati mwenye maji haya anastahili kuogeshwa humo. Ati ni mchafu, mvivu, na aliyemfundisha kazi alipoteza muda. Mimi nimeinama, naitikia ndiyo mama, ndiyo mama, natukanwa kwa uchafu wa mwenye kutukana! Nacheka kwa ndani mpaka mbavu zinauma.

Ningenyamaza, ningeondoka mshindi. Ila nyuma yake nikawaona wale samaki wa manjano wanahema juu juu ya maji. Roho ikanisuta. Nikasema kwa upole kwamba mama, labda dawa imeharibika, hebu jaribu na la kwako lile la kati.

Akapima. Kijani kile kile. Akatazama vichupa viwili. Akanitazama mimi. Akatazama shati langu, mkono mmoja umelowa hadi kwenye kiwiko.

Akalifungua chujio lake, akatoa jisamaki lililokufa limenasa nyuma ya bomba. Akanionyesha mlango kwa kidevu. Nilipofika nje akapaza sauti kwamba nilete maji YANGU wiki ijayo, na nije na mikono mikavu.


Jumatatu, 17 Juni

Mawe yangu yameota nywele!

Sitanii. Nywele za kijani, laini, ndefu, zinapeperuka na maji. Jiwe kubwa limekuwa kama mwanamuziki wa zamani. Wateja wamerudi mbio. Mtu mmoja akasema sasa kinyozi gani anakaa na kichwa kama hicho dukani kwake bila kukinyoa.

Alisema kweli. Mimi ni mtu wa fani.

Nikatoa jiwe? Hapana. Nikanyolea humo humo, mbele ya umati. Wembe mpya, kitana chembamba, mkono mwepesi. Pembeni nimeshusha, juu nimeacha kidogo, nikachonga na mstari. Watu wakapiga makofi. Kijana mmoja ameomba anyolewe vile vile, kama jiwe. Mjomba mwenyewe alikuja kuangalia, akakunja midomo, akasema mstari umenyooka.

Mstari umenyooka! Kauli ya Mjomba! Kiti nakinusa.

Vipande vya nywele vilielea kila mahali, vikazama vyenyewe. Sikuhangaika. Hapa hata sakafuni nafagia baadaye.


Alhamisi, 20 Juni

Nywele kila mahali. Kwenye kioo. Kwenye mchanga. Kwenye pampu, pampu ina ndevu! Kila kipande nilichokata kimeshika pahali na kuota chake.

Kitana amefurahi kupita kiasi. Ameandika kibandiko, amekigandisha kwenye tangi: HUYU ANASUBIRI ZAMU. 

Nimempigia Mama Samaki. Akauliza nimefanya nini. Nikasema nimenyoa. Akauliza nimenyoa nini. Nikasema jiwe. Nikasikia simu imewekwa mezani, na mtu anacheka kwa mbali, anarudi, anajaribu kusema, anaenda tena.

Aliporudi amesema kwamba hiyo ni mimea, haikatwi ovyo, inang'olewa kwa vidole na kutolewa nje. Taa nimeiwasha mno, nipunguze. Nikaenda dukani kwake, akanipa konokono, bure. Hakusema kwa nini bure, na mimi sikutaja lile tangi la kati.

Konokono wanafanya kazi! Wanapita kwenye kioo kama mashine namba sifuri. Nyuma yao peupe. Mjomba anawatazama kwa wivu. Amesema hao hawaombi ruhusa ya kwenda kula mchana.


Jumamosi, 22 Juni

SAMAKI! NINA SAMAKI!

Nimepeleka maji yangu. Mikono mikavu, ameikagua yote miwili, na mifuko pia. Akadondosha dawa. Manjano! Manjano kama kiini cha yai! Amepima mara ya pili kwa kutoamini. Kisha akaniambia, kwa sura ya mtu anayemeza kidonge, kwamba haya ni maji.

Ametoa samaki wa rangi ya chungwa mwenye mikanda myeupe. Mdogo kama kidole gumba. Na kipande cha matumbawe laini kimegandishwa kwenye kijiwe, vidole vya zambarau. Nilikuja kulipa kwa kufagia duka. Nimefagia. Akasema samaki ni kwa kufagia, matumbawe ni ya mtu aliyesema nipime la kati. Kisha akanigombeza nisisimame mlangoni.

Nimeelezwa niuache mfuko wa samaki uelee tangini kwanza, maji yazoeane. Nimeuacha. Nimekaa mbele yake kama anayesubiri mke atoke chumba cha kujifungulia. Nikamfungulia. Akazunguka mara moja, akapita mbele ya taa, akaja usoni kwangu, akanitazama.

Nimemwita Bosi.

Matumbawe yalijikunja kwanza. Baadaye kidole kimoja kikafunguka. Kingine. Kingine! Duka zima limesogea kutazama. Hata mashine ya Mjomba imezimwa, na mteja wake kanyolewa nusu, hakulalamika. Kitana alikuwa nyuma yangu, mdomo wazi. Nilipogeuka akajifanya anapiga mwayo.

Mabenchi yamejaa hadi jioni. Spika imekaa chini, ina vumbi. Wiki moja tu, Bosi. Ishi wiki moja tu.


Jumatano, 26 Juni

Kuna hujuma!

Matumbawe yamejifunga kama ngumi, hayafunguki. Bosi hali, anahema, amejibanza pembeni. Mtu anamwonea. Na namjua: Kitana anapuliza manukato yake upande wa dirisha kila saa.

Kosa si langu. Namhudumia kuliko mtoto. Feni ya duka inakausha maji, tangi linapungua kila siku, na kila siku najaza. Tena sijazi maji ya hivi hivi kama mtu asiyesoma. Najaza maji ya chumvi, niliyochanganya vizuri, ili chumvi isipungue. Kipimo sipimi tena. Jicho langu limeshazoea.

Nimeificha chupa ya manukato ya Kitana kwenye pipa la nywele. Ameitafuta siku nzima, amebaki ananuka kama sisi wengine.


Jumamosi, 29 Juni

Siku ya hukumu.

Asubuhi nimemkuta Bosi amelala ubavu juu ya mchanga. Anapumua, lakini kwa taabu. Nikamrukia Kitana. Kitana akaapa kwa mama yake kwamba hajagusa, na manukato hana tangu Jumatano, na kama namshuku nimpigie yule mama yangu wa samaki.

Nikapiga. Nikashtaki. Yeye akauliza swali moja tu: maji yakipungua unajazia nini? Nikasema kwa fahari, ya chumvi. Akaniuliza mama yako akichemsha maji ya chumvi mpaka yakauke, sufuriani kunabaki nini?

Nikatazama tangi. Nikazamisha kipimo. Mshale ukapanda hadi juu kabisa ukagota.

Chumvi haikauki! Maji ndiyo yanayoondoka, chumvi inabaki, na mimi kila siku namwongezea nyingine. Nimemkaanga Bosi wangu kwenye maji ya baridi.

Mama Samaki akaamuru: chota kikombe kimoja cha maji ya tangi umwage nje, mimina kimoja cha maji yasiyo na chumvi yaliyolala usiku kucha. Taratibu. Pumzika, rudia. Kutwa nzima. Ukimwaga kwa pupa atashtuka afe. Usiondoke hapo.

Nikaanza. Na wakati huo huo Mjomba akapiga makofi. Akatangaza kwamba kabla ya kuamua anataka kuona mikono yetu: kila mmoja atanyoa mteja mmoja kwenye kiti cha dirishani. Mimi kwanza.

Mteja ameshaketi. Mwalimu mkuu mstaafu, kichwa chake kinajulikana mtaa mzima. Shuka shingoni. Mashine inaunguruma, inanisubiri. Hatua mbili tu kutoka tangini! Mjomba akaniita. Nikasema nakuja. Nikamimina. Akaniita mara ya pili, sasa kwa jina langu lote, lile la shuleni. Nikamtazama Bosi. Jicho lake moja lilikuwa juu, linanitazama.

Nikasema Mjomba, nisamehe, mimi nina kikombe.

Kitana akachukua mashine. Akanyoa mwalimu, akanyoa na mteja wake mwenyewe. Nilikuwa nawaona kwenye kioo. Alinyoa vizuri, mshenzi. Hakunitazama hata mara moja, wala hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Baadaye, bila kuambiwa, alinigeuzia feni upande mwingine.

Kikombe, kikombe, kikombe. Mchana umepita. Watu wakaingia wakauliza kikombe kimoja nauza bei gani. Nikachota kingine.

Jua lilipogeuka dirishani Bosi akasimama. Akayumba kidogo, akasimama tena. Nikamrushia punje. Akaikosa. Nikamrushia nyingine. Akaidaka! Na zambarau ile, kidole kimoja, polepole, kikafunguka.

Jasho likaniingia machoni. Jasho tu. Lilikuwa joto.

Mjomba akainama, akahesabu waliomo: samaki yuko hai, matumbawe hai, konokono hai. Akasema maiti hamna. Tangi linakaa. Lakini kiti, akasema, kinakaliwa na mtu anayekuja akiitwa. Kitana akaketi dirishani. Mke wa Mjomba amefurahi. Mama ameanza kununa, namsikia hapa jikoni, masufuria yanaongea.


Jumatatu, 1 Julai

Nimeliwaza jambo hili siku mbili, na nimeelewa kosa lilikuwa wapi.

Tangi lilikuwa dogo!

Fikiria. Tangi lingekuwa kubwa, chumvi ingepotea humo bila kuonekana. Bosi asingeugua, mimi ningenyoa. Mimi sikukosea popote. Kioo ndicho kilichonikosea.

Na kiti chenyewe hakina utamu. Leo nimemwangalia Kitana. Mteja akikaa dirishani anageuza shingo kumtazama Bosi, Kitana anaifuata shingo, shingo inarudi. Mtu mmoja ametoka na mstari wa kupanda mlima. Karibu nimwonee huruma.

Mambo makubwa yako kwingine. Mchana ameingia mwenye duka la viatu, yule wa ng'ambo ya barabara mwenye milango ya kioo. Akasimama mbele ya tangi mpaka mkewe akamfuata. Akaniuliza kama mimi ndiye fundi wa bahari. Nikamwambia hamna mwingine. Anataka tangi la ukuta mzima. Nikimfanyia, atanitoa kwenye ufagio: niwe msimamizi wa duka, kiti changu nyuma ya kaunta, kiti kinachozunguka!

Mkewe akasema amesikia bahari hizi zinasubiriwa wiki nyingi. Nikacheka kwa heshima. Nikamwambia: mama, kusubiri ni kwa wanaoanza.

Akauliza ninaweza kuweka na papa mdogo. Nikasema hata wawili, wasiwe wapweke.

Tumekubaliana Jumamosi hii. Bwana viatu ameshatundika tangazo, wateja wake wote wamealikwa. Vipimo sitabeba, vinanichelewesha. Asubuhi nachanganya chumvi, mchana namwaga samaki, jioni nazunguka kwenye kiti.